Rochefort 10 haitaki barafu

Bia hii ya watawa wa Ubelgiji ina kilevi cha asilimia 11.3. Ukiinywa baridi ya kuumiza meno umetupa hela: ladha ya zabibu kavu na sukari iliyoungua haitoki. Itoe kwenye friji mapema, ifike nyuzi 12 hadi 14.

Chupa isimame wima siku nzima ili hamira itulie chini. Inamisha glasi yenye mdomo mpana, mimina taratibu bila kukatiza. Ukisimamisha chupa katikati, mashapo yanatibuka. Bakiza kama sentimita moja. Wapo wanaoyanywa hayo mashapo, mimi nayaona machungu tu.

Orval, nayo bia ya watawa wa Ubelgiji, ni habari nyingine: hamira yake ya mwituni huendelea kula sukari ndani ya chupa, hivyo kadiri inavyokaa, utamu unapungua.