Nilivyompata babu wa Kiskoti aliyehamia Kanada

Mwaka mzima nilikwama kwa babu wa babu yake mume wangu. Kaburi lipo Nova Scotia, jiwe linasema tu alizaliwa Scotland. Jina: John McDonald. Ni sawa na kwenda Kariakoo kuulizia Juma!

Nilipekua orodha za abiria wa meli, sensa za Kanada, nikabadili Mc kuwa Mac. Wapi.

Kumbe wa kumtafuta alikuwa dada yake, aliyebaki kwao. Kwenye Biblia ya familia kuna mstari wa wino uliofifia: Flora, Paisley (mji wa huko Scotland), kafariki 1868. Scotland ilianza kusajili vifo kiserikali mwaka 1855, na cheti humtaja baba na mama wa marehemu, tena mama kwa jina la ukoo wa kwao. Hapo ndipo penyewe. Nikaingia ScotlandsPeople, tovuti rasmi ya kumbukumbu za Scotland, nikalipia picha ya cheti cha Flora. Mama: Currie.

Nikarudi kwenye vitabu vya ubatizo vya kabla ya 1855, safari hii nikijaza majina ya wazazi wote wawili. Akabaki John mmoja tu, wa kisiwa cha Islay. Kurasa chache mbele, Flora.