Kokoto Nyeupe

Mimi ni mtu wa Shela, Lamu, na kuvua nilifunzwa na baba: mshipi mkononi, uzi umelala juu ya kidole cha shahada, macho hayana kazi. Changu akidonoa, kidole ndicho kinachokwambia. Hapo unakwanyua kwa nguvu zako zote kabla hajakimbilia mwambani. Kwa hiyo Oktoba 2015, Mzee aliponialika twende tukavue samaki aina ya trauti kwenye Milima ya Rocky, nilimwambia kuvua sihitaji kufundishwa.

"Utahitaji," akasema.

Tulikuwa tukifanya kazi pamoja katika ghala moja la mizigo huko Denver, Marekani. Yeye ni mzaliwa wa Nyeri, na baina yetu lugha ilikuwa Kiswahili, changu cha Lamu na chake cha bara, tukisahihishana kutwa. Utotoni aliwabebea mikoba Wazungu waliokwenda kuvua mto Gura, kule Aberdare, na kazi hiyo ndiyo iliyomtia ugonjwa wa trauti.

Hatukuwa na haraka ya kufika Moraine Park, malisho yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rocky. Septemba na Oktoba malisho yale hufungwa kwa watu kuanzia saa kumi na moja jioni hadi asubuhi, kwa ajili ya elki, wale kulungu wakubwa wa huko, maana ndio msimu wao wa kupandana. Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Dume lina mwili wa ng'ombe, lakini sauti yake ni filimbi nyembamba inayopanda, ikipanda, kisha inakatika. Miti ya aspen ilikuwa imegeuka manjano mlima mzima, na mto Big Thompson ulijipinda katikati ya nyasi kavu, maji yake baridi ya kuuma mifupa.

Chambo ni marufuku kwa mtu mzima katika hifadhi ile. Tulichofunga ni nzi wa kutengeneza: manyoya ya kijivu na uzi juu ya ndoana isiyozidi punje ya mchele, kile kijino chake Mzee amekiminya kwa koleo ili kisimchane samaki. Nikauliza chubwi, ile risasi ya kuzamisha uzi, iko wapi. Hakuna. Kwetu chubwi ndiyo hubeba uzi. Huku uzi wenyewe ni mnene na ndio wenye uzito, unaurudisha nyuma, unausubiri unyooke hewani, ndipo unaupeleka mbele. Kusubiri kule ndiko kulikonishinda. Asubuhi nzima nilikuwa ndani ya maji nikipanda na kushuka, nikinasa vichaka.

Adhuhuri mawingu yakashuka, na wadudu wadogo wakaanza kuibuka juu ya maji, mbawa zimesimama kama matanga ya mashua. Trauti wakaanza kuwanyakua. Mmoja akamchukua nzi wangu. Nikakwanyua kama baba alivyonifunza, uzi wa mwisho, mwembamba kama unywele, ukakatika papo hapo.

"Usikwanyue," Mzee akasema. "Umemwona kwa macho, si ndiyo? Basi inua tu fimbo."

Mbele kidogo maji yalikuwa haba, hayafiki magotini, na hapo nikaona trauti wawili wakubwa kuliko wote wa siku ile, wamesimama wazi, hawakimbii. Nikainua fimbo. Mzee akaishika.

"Hao hatuwagusi, mwanangu. Tazama chini yao."

Nilitazama muda kabla ya kuona. Kitanda chote cha mto kilikuwa cha rangi ya udongo, ila chini yao palikuwa na duara la kokoto nyeupe, safi, ukubwa wa sinia ya pilau. Jike akalala ubavu, akapiga mkia mara nne, tano, kokoto zikaruka na tope likachukuliwa na mkondo. Anachimba. Mayai yatakaa chini ya kokoto zile majira yote ya baridi, theluji juu, mpaka vifaranga watoke.

Tulichuchumaa ukingoni. Mzee akanieleza kwamba samaki yule ni mgeni pale kama alivyo mgeni kule Nyeri: Gura ilipata trauti mwaka 1905, Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza, alipoleta mayai kutoka Loch Leven, Uskoti, na Marekani mayai ya kwanza ya trauti wa kahawia yalitoka Ujerumani mwaka 1883. "Wote walisafiri wakiwa mayai," akasema, kwa sauti ya chini kana kwamba wale wawili wangemsikia.

Kwenye kina, juu zaidi, nilimpata mmoja. Niliinua tu. Alienea kiganjani, tumbo rangi ya samli, madoa mekundu ubavuni na kila doa na duara lake la samawati. Nilimshika kwa mkono uliolowa, kichwa kikielekea mkondo, hadi alipojiondokea mwenyewe.

Saa kumi tukaanza kurudi, tukitembea juu ya nyasi. Sasa nilikuwa nikiziona bila kuonyeshwa: duara jeupe hapa, jingine pale. La tano, karibu na mahali tulipoingilia mtoni asubuhi, lilikuwa na alama ya kiatu katikati, kisigino kimezama. Kiatu changu.

Mzee naye aliiona. Hakusema neno. Alisimama nami pale, mkono wake begani mwangu, hadi elki walipoanza tena kupiga filimbi na ikatubidi tuondoke.