Siku moja maishani mwangu: toleo moja, maghala manne

Saa kumi na mbili asubuhi nafungua skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani. Bakapu za usiku zimeisha salama, maghala yote manne, yaani sehemu za diski zenye data za biashara zetu, yako hewani. Hiyo ndiyo asubuhi yangu nzima.

Nikisema nasimamia mashine za IBM i, mfumo endeshi wa IBM kwa seva za biashara, watu wanacheka: "Bado zipo?" Zipo. Babu yake, AS/400, alitoka 1988, na nina programu zilizoandikwa kabla baadhi ya wanaocheka hawajazaliwa ambazo bado zinatoa ankara kila siku bila kukohoa. Mimi ni mtu wa kuweka matoleo mapya ya programu kwenye mashine hizo, na kazi yangu huonekana siku inapoharibika tu.

Saa tatu, kikao. Bosi anauliza kwa nini toleo la leo linahitaji usiku mzima wakati mashine ni moja. Hapo lazima nieleze habari ya maghala, kwa mara ya sijui ngapi. Diski za mashine hii hugawanywa katika maghala yanayoitwa ASP. La kwanza ni la mfumo wenyewe, la 2 hadi la 32 ni ya kawaida, na la 33 hadi la 255 ni huru, yaani iASP: unaweza kulizima moja na kuliwasha bila kugusa mengine, hata kulihamishia mashine nyingine ikiwa diski zimeunganishwa hivyo. Tangu toleo la V5R2 la 2002, ghala huru linabeba maktaba (vyombo vya kuwekea programu na faili) na hifadhidata yake lenyewe. Kwetu, kila biashara ina ghala lake huru, nasi tunayaita la kwanza hadi la nne. Maktaba zina majina yaleyale kote, data ni tofauti, na kazi moja inayokimbia huona sehemu ya mfumo pamoja na ghala moja tu, lile ulilolichagua kwa amri ya SETASPGRP. Ukisahau amri hiyo unaambiwa maktaba haipo, CPF2110, na unaanza kujishuku akili. Kwa hiyo mashine ni moja, lakini kusakinisha ni mara nne. Bosi anatikisa kichwa kama aliyeelewa. Mwezi ujao atauliza tena.

Saa saba hadi jioni ni kufungasha. Toleo lina programu 37 na badiliko moja kwenye faili la ankara: safu mpya, iliyoombwa na idara ya hesabu ya ghala la tatu. Safu moja inasikika kama jambo dogo, lakini faili likibadilika umbo, alama yake ya ndani inabadilika pia, na programu yoyote iliyokompailiwa (iliyogeuzwa kuwa lugha ya mashine) na umbo la zamani itagoma na kosa la CPF4131. Nakagua orodha mara mbili.

Saa mbili usiku naanza. Ghala la kwanza, dakika ishirini. La pili hivyohivyo. Nikaanza hata kujipongeza.

Ghala la tatu. Amri ya kuongeza safu inasubiri, inachoka, inarudi na kusema faili linatumika. Naangalia nani amelishika kwa WRKOBJLCK: QZDASOINIT, mtumiaji QUSER. Wanaoifahamu kazi hii wameshaguna. QZDASOINIT ni kazi za seva zinazohudumia programu za nje zinazovuta data, na zote hujiita QUSER, kama wageni mia waliojiandikisha hotelini kwa jina moja. Mwenyewe halisi unamtafuta ndani ya logi ya kila kazi. Nafungua moja, siyo. Nyingine, siyo. Ya kumi na mbili ndiyo: mkuu wa hesabu, yuleyule aliyeomba safu.

Nampigia.

"Mama, samahani kwa usiku huu. Kuna ripoti yako inashika faili la ankara."

"Mimi? Niko nyumbani, kaka. Sijafungua chochote."

"Kompyuta yako ya ofisini, mama. Jedwali linavuta ankara."

Kimya. "Ah, hiyo. Hiyo usiizime, ya kikao cha asubuhi. Nipe dakika kumi iishe."

Ningeweza kuiua kwa ENDJOB na kulala mapema. Lakini utaratibu wetu ni kwamba kazi ya mtu haiuawi bila ruhusa yake, na utaratibu huo niliuandika mimi mwenyewe baada ya kuharibu ripoti ya mtu mwingine. Dakika kumi zikawa arobaini. Zikawa saa na nusu. Nilikaa nikitazama kufuli moja kwenye skrini, nikibonyeza F5 kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyotakiwa. Saa nne kasoro nikapiga tena. Saa nne na robo akasema haya, izime, ataivuta upya baadaye. Baada ya hapo safu iliingia kwa sekunde chache. Sekunde chache!

La nne liliingia bila neno, kisha jaribio la kwanza likatoa CPF4131. Nikatazama programu ndani ya ghala: ya leo, sahihi. Nikakompaili upya, kosa lilelile. Saa sikumbuki tena, macho yalikuwa yanawasha. Mwishowe nikafungua orodha ya programu zilizoitwa na kazi ile, nikasoma safu ya maktaba: programu ilikuwa inatoka sehemu ya mfumo, nje kabisa ya ghala. Kuna maktaba ya viraka huko, na ghala la nne peke yake linaiweka mbele kwenye orodha yake ya maktaba za kutafuta programu. Ndani yake kuna nakala ya zamani ya programu hiyo, iliyowekwa miezi minane iliyopita kuziba tatizo la dharura. Aliyeiweka ni mimi.

Nikaibadilisha jina, sikuifuta. Jaribio likapita.

Nikatuma ujumbe kwa wote kuwa toleo limekamilika kwenye maghala manne. Ilikuwa imeshapita saa saba usiku. Simu ikalia papo hapo, mkuu wa hesabu:

"Kaka, nimeivuta ripoti upya. Mbona ina safu ambayo haina kitu?"

Nikamjibu: "Ndiyo ile mliyoomba, mama."