Mambo Madogo Tuliyoyazoea

Wapendwa katika Bwana, Yesu asifiwe.

Juma hili moyo wangu umelemewa na mazungumzo niliyokuwa nayo na mume na mke wa ushirika wetu hapa Jinja, ambao wameniruhusu kuyasimulia bila kuwataja. Wanalala nyumba moja na kusali kanisa moja, lakini hawasemezani tena isipokuwa kuhusu karo ya watoto na umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, uliokwisha. Niliwauliza yalianza lini. Walitazamana, wakafikiri kwa muda mrefu, na hakuna aliyeweza kutaja siku wala kosa. Hapakuwa na uzinzi, hapakuwa na kipigo, hapakuwa na ulevi. Palikuwa na salamu iliyoachwa asubuhi kwa sababu ya haraka, swali lililojibiwa kwa mkato, simu iliyokaa katikati ya sahani zao wakati wa chakula, na sala ya pamoja iliyosogezwa hadi kesho kwa kuwa wote wawili walikuwa wamechoka.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria Lutu. Katika Mwanzo 13 anachagua bonde la Yordani kwa sababu lina maji mengi, na hema yake inasogea mpaka karibu na Sodoma. Katika sura ya 14 tayari anakaa ndani ya Sodoma, na anatekwa pamoja na watu wake. Tukifika sura ya 19 ameketi langoni pa mji, mahali walipoketi wazee. Maandiko hayatuonyeshi siku ambayo Lutu aliamua kuwa mtu wa Sodoma, wala sidhani kama siku hiyo ilikuwapo. Petro naye anamwita mwenye haki, mtu ambaye roho yake iliteswa kila siku kwa yale aliyoyaona na kuyasikia, na hilo ndilo linalonitisha zaidi: mwenye haki anaweza kuumia rohoni siku zote na bado akabaki palepale.

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria tulikwisha kufundishwa jambo hili na gugu maji. Mmea huo, ambao asili yake ni Amerika Kusini, una ua zuri la zambarau, na uzuri huo ndio uliowafanya watu wausafirishe kwenda nchi nyingine. Ulionekana katika Ziwa Kyoga mwaka 1988, na muda mfupi baadaye katika Ziwa Viktoria, ukiwa vishada vichache tu ambavyo havikumzuia mvuvi yeyote kwenda kutega nyavu zake. Mmea unaoweza kuongezeka maradufu ndani ya majuma mawili hauhitaji kupiga kelele. Kabla miaka ya 1990 haijaisha, mitumbwi ilikuwa ikikwama, meli zikapata taabu katika bandari ya Port Bell, na bwawa letu la umeme la Owen Falls likahangaika nao.

Mtume Paulo anawaandikia Waefeso: "Jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, wala msimpe Ibilisi nafasi." Nimelisikia andiko hili katika mafundisho mengi ya ndoa, lakini juma hili limenishika kwa namna nyingine. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua huchwa karibu na saa moja jioni mwaka mzima, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwa hiyo hakuna mwezi ambao tunaongezewa muda wa kununa. Mume, ukirudi kutoka kazini na kukuta neno la asubuhi bado limekaa kati yenu, usingoje liondoke lenyewe. Mwite mkeo kabla ya taarifa ya habari, umwambie, "Mama watoto, nilikujibu vibaya, nisamehe." Mke, usijifunze kunyamaza ukadhani kwamba huo ndio uvumilivu, mwambie, "Baba watoto, ulivyosema mbele ya wageni kuliniumiza." Najua wengi wetu tulilelewa na wazee ambao hawakuomba msamaha mbele ya watoto wao, na tukaiita hiyo heshima. Lakini Bwana wetu alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu, na heshima yake haikupungua. Nawasihi, msilale hivyo. Usiku mmoja wa kununiana huufungulia mlango usiku wa pili, na wa tatu hauumi tena kama wa kwanza.

Na hapa niseme nasi viongozi bila kuficha. Binti akibeba mimba kabla ya ndoa tunamtoa kwenye kwaya, na kinywa hichohicho kilichomtangaza kinamwambia mtu kwenye simu, "Nimefika Bugembe," wakati tungali nyumbani tunatafuta viatu. Tunakopa mikopo midogo ya simu kwa siri, mmoja ukilipa mwingine. Tunaacha hesabu ya sadaka bila kuandikwa kwa kuwa tunaaminiana. Ndugu zangu, hii ni dhambi, na kwa kuwa tumeizoea tumeacha kuiita hivyo.

Wazee wetu walokole, yaani waliookoka, watoto wa ule uamsho unaokumbuka kilima cha Namirembe, Kampala, mwaka 1929, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church walipoomba na kusoma Neno pamoja, walikuwa na desturi ya kutembea katika nuru. Walipokutana, kila mmoja alisema lililokuwa moyoni mwake, hata wivu mdogo, hata hasira ya jana. Wapo waliowadharau kwa hilo. Lakini Yohana anasema wazi kwamba tukienenda nuruni twashirikiana sisi kwa sisi, na damu ya Yesu yatusafisha dhambi yote, ikiwa ni pamoja na ile ambayo hatungeona haja ya kuitaja.

Kwa hiyo Alhamisi hii jioni tusianze na mahubiri. Wenye ndoa waketi pamoja, mume na mkewe, badala ya akina baba upande huu na akina mama upande ule, na kila mmoja wetu amwombe Roho Mtakatifu amwonyeshe jambo moja ambalo amelizoea. Aliye na neno na ndugu ambaye hataweza kufika, ampigie simu kabla hajaja.