Karatasi ya 1962 yenye jina la Zanzibar

Kifurushi kimefika leo saa nne asubuhi, binamu yangu alikituma toka Marekani mwezi uliopita na mimi kila siku nilikuwa nacheki simu tu. Ndani ni ripoti ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya safari ya John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuzunguka dunia angani, chapa ya mwaka ule ule 1962, jalada limefifia na pini zimeshika kutu. Nimenawa mikono mara mbili kabla sijaigusa.

Watu wakisikia nakusanya vitu vya safari za anga za mwanzo wanadhani ni saini za wanaanga. Mi nataka karatasi za mainjinia, michoro, miongozo, ripoti za majaribio, maana humo ndo unaona watu wakibadili mawazo. Kampuni ya McDonnell ya St. Louis iliyounda Mercury, chombo cha wanaanga wa kwanza wa Marekani, ilikuwa na mwongozo wake, SEDR 104, ukiweka toleo la mwanzo na la baadae pamoja unaona chombo kinakua. Mwanaanga Shepard aliruka Mei 1961 na vidirisha viwili vidogo vya mviringo, wanaanga walishadai dirisha la maana, Julai mwenzake Grissom akaruka nalo.

Lakini hii ya leo imenishika vingine. Mwishoni kuna mazungumzo yote ya redioni ya tarehe 20 Februari 1962, mizunguko mitatu, karibu masaa matano, Glenn anapokelewa kituo kwa kituo, visiwa vya Canary, Kano ya Nigeria, halafu Zanzibar. Zanzibar! Kituo kilikuwa Tunguu, njia ninayopita kila nikienda Makunduchi.

Nimesoma mpaka adhuhuri imenipita. Sehemu inayonikaba ni mzunguko wa pili, chini wamepata ishara kwamba ngao ya joto, inayomkinga asiungue akirudi, imelegea, hawamwambii, ila kila kituo kinamuuliza kuhusu swichi moja tu, ya mfuko wa kutua, ule unaofunguka ngao ikiachia, iko wapi, una uhakika imezimwa, umesikia mlio wowote, na unamuona mtu kule juu anaanza kushtuka kwamba kwa nini wote wanauliza hilo hilo. Ngao ilikuwa nzima, swichi ya ishara ndo mbovu. Kwenye historia zilizofupishwa hii ni sentensi moja, hapa unaipitia dakika kwa dakika kama walivyoipitia wao.

Unyevu wa huku ndo adui yangu. Nimeiweka kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakti vinavyokuja kwenye viatu, pini nitazitoa taratibu wikiendi.

Jioni nilimpigia mama mkubwa, aliishi upande ule akiwa msichana. Anakumbuka milingoti na magari ya Wamarekani, na anakumbuka watu wengi hawakutaka, walisema ni kambi ya jeshi imefichwa, kweli baada ya Mapinduzi kituo kikafungwa Aprili 1964. Nikamwambia bi mkubwa, nina karatasi hapa, mtu yuko angani anaongea na Tunguu. Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Na wa Tunguu walimjibu?"

Nikamwambia walimjibu, yote yameandikwa. Akasema niende Ijumaa baada ya sala nikamsomee kwa Kiswahili, pole pole, nisiruke kitu.