Mfaa umehama tundu moja

Jumapili, baada ya alasiri.

Nimekaa barazani, kitambaa mapajani, sindano nimeichomeka pembeni, na tangu asubuhi sijatia hata mshono mmoja. Jana usiku niligundua kwamba mfaa, yaani ule mti wa katikati, wa mlango ninaoushona kwa uzi kwenye kitambaa hiki umehama tundu moja kwenda kushoto. Tundu moja la kitambaa hiki halifiki milimita mbili. Mtu akisimama pale kwenye mwembe haoni kitu. Mimi naona, na sasa nimeshaona siwezi kuacha kuona.

Mlango wenyewe niliupiga picha Mji Mkongwe mwaka jana, nilipokwenda Unguja kumtazama wifi yangu aliyejifungua. Ni wa aina ya juu tambarare, si ile ya tao. Kizingiti cha juu kimejaa nakshi, miimo imezungushiwa mnyororo wa kuchonga, mbao mbili zina misumari ya shaba, na katikati umesimama huo mfaa, mti mwembamba uliochongwa maua toka juu hadi chini. Kwa asiyejua: mfaa ndio unaoshika mlango mzima kwa macho. Ukiwa pembeni kidogo tu, ubao mmoja unabanwa na mwingine unapwaya, hata fundi awe hodari namna gani kwenye maua yake.

Picha niliipitisha kwenye programu ya simu inayogeuza rangi kuwa vyumba vidogovidogo. Ikanipa ramani ya vyumba 140 kwa upana na 196 kwa urefu. Zidisha mwenyewe: mishono 27,440, yote ya msalaba. Mkono wangu ukitulia unatoa kama mishono 100 kwa saa. Hesabu hiyo niliipiga baada ya kuanza, na nadhani ningeipiga kabla nisingeanza.

Mshono huu wa msalaba nilijifunza shule ya msingi, kwenye kitambaa cha drafti, kile cha kushonea mashati ya sare. Kila kijumba cha drafti unatia eksi moja, ukimaliza una ua jekundu kwenye pembe ya kitambaa cha meza, mama analitandika juu ya redio. Yale yalikuwa maeksi makubwa, unaweza kuyahesabu ukiwa unapiga soga. Hiki cha sasa kinaitwa aida; kimefumwa makusudi kiwe na vitundu, na hiki changu kina vyumba 14 kwa inchi. Ukitaka kujua kazi yako itakuwa na ukubwa gani, gawanya idadi ya mishono kwa 14. Wangu ni inchi 10 kwa 14. Kitambaa nilikata 16 kwa 20, inchi tatu za ziada kila upande, maana fundi wa fremu naye anahitaji pa kushika.

Uzi na kitambaa aliniletea binti wa shangazi anayeishi Muscat. Uzi ni wa DMC, kampuni ya nyuzi ya Wafaransa wa mji wa Mulhouse walioanza tangu 1746, na kila rangi ina namba yake. Kahawia peke yake ninazo tisa! Namba 801 na 898 mchana ni ndugu, usiku kwenye taa ya balbu ni mapacha kabisa. Nimeshashona jani zima kwa 898 nikidhani ni 801, nikaja kujua asubuhi. Siku hizi kahawia nazishona mchana tu, hapa barazani. Usiku nashona dhahabu ya misumari, 729 na 680, ambazo hata kipofu hazichanganyi.

Wale mnaoniuliza kila mara jinsi ninavyoanza uzi bila fundo: uzi huu una nyuzi sita zilizosokotwa pamoja, na kwenye aida ya 14 tunatumia mbili. Mimi sichomoi mbili. Nachomoa mmoja, urefu wa mikono miwili, yaani dhiraa mbili, naukunja katikati, nazitunga ncha mbili kwenye tundu la sindano, upande wa kitanzi ukabaki mkiani. Napanda na sindano kutoka nyuma, nashuka kwenye tundu la mshazari, na huko nyuma naipitisha sindano ndani ya kile kitanzi kabla sijavuta. Umeshafungwa, hakuna fundo la kufanya uvimbe kazi ikitiwa fremu. Mwisho wa uzi nauchomeka chini ya mishono minne mitano kwa nyuma, nakata. Na uzi wa kushonea usizidi dhiraa moja ukiwa umekunjwa. Mrefu unasuguana na kitambaa mpaka unatoa manyoya, halafu unajisokota. Ukijisokota, iache sindano ining'inie, itazunguka yenyewe mpaka itulie.

La pili, na hili nalikazia kwa sababu naona kazi nyingi nzuri zimeharibika hapo: mguu wa juu wa kila eksi uelekee upande mmoja, kuanzia mshono wa kwanza mpaka wa mwisho. Uzi huu una mng'ao. Eksi moja ikilalia upande mwingine, mwanga unaipiga tofauti, inaonekana kama doa la mafuta. Kwenye safu ndefu ya rangi moja nakwenda na miguu ya chini yote, kisha narudi na ya juu. Kwenye maua ya mfaa, ambako rangi inabadilika kila baada ya mshono mmoja au miwili, namaliza kila eksi palepale, la sivyo nitapotea.

Na nilipotea hata hivyo. Kila anayefundisha mshono huu atakwambia ukunje kitambaa mara nne, upate katikati, uanzie hapo. Mimi nilikuwa na hamu ya ule mnyororo. Nikaanzia mwimo wa kushoto, nikahesabu kwa macho mpaka kwenye mfaa, nikajiamini. Juzi ndipo nilipoweka mistari ya kila vyumba kumi. Sikutumia kalamu ya kufutika kwa maji, kwa sababu wino wake ukipigwa pasi kabla ya kufua hautoki tena. Nilitumia mshipi wa kuvulia, ule mwembamba kabisa, nilioununua kwa muuza vifaa vya uvuvi karibu na soko la samaki. (Aliniuliza naenda kuvua nini. Nikamwambia mlango.) Mshipi unapiga nao bandi ndefu, ile mishono mirefu ya muda, juu ya kitambaa, sindano haiwezi kuupasua kama inavyopasua uzi wa pamba, na ukimaliza unauvuta unatoka wote kwa mkupuo.

Basi mshipi ndio ulionisuta. Mstari wa 70 ni katikati ya kazi. Mfaa una upana wa mishono kumi, kwa hiyo mitano kushoto, mitano kulia. Nikahesabu: sita kushoto, minne kulia. Nikahesabu tena kwa ncha ya sindano. Sita, minne. Nilikuwa nimeshashuka safu 96.

Nimejaribu ujanja. Nilichora kwenye karatasi ya hesabu: nifumue safu moja ya kushoto, niongeze moja ya kulia, upana ubaki kumi, mti urudi katikati. Mti unarudi, lakini macho ya maua yanabaki yalipo, na ua lenye jicho la pembeni linachukiza kuliko mti wenyewe. Nikafikiria pia kuuacha, nipunguze msumari mmoja hapa na kuongeza pale. Kwenye rangi naweza kudanganya, jani likiwa 898 badala ya 801 hakuna atakayenishitaki. Kwenye mstari ulionyooka siwezi.

Saa tisa hivi alipita bibi wa nyumba ya pili, mwenyeji wa Unguja, anayeshona kofia za viua mpaka leo na miwani yake ya kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekaa kama uliyefiwa?"

Nikampa kitambaa. Hakuutazama mlango. Alikigeuza kwanza, akapitisha kidole kwenye mgongo wa kazi, akakuta mahali nilipovusha uzi vyumba vingi kwa uvivu, akaguna. Kisha ndipo akageuza mbele, nikamwonyesha.

"Bibi, kofia ikikosewa kiua kimoja unafanyaje?"

"Kiko wapi hicho kiua? Kikiwa kisogoni, mwenyewe hatajua mpaka afe. Kikiwa kwenye paji la uso nafumua." Akanirudishia kitambaa. "Huu mti wako uko wapi?"

"Katikati."

Akacheka, akajifunga vizuri kanga yake, akaenda zake.

Kufumua nako kuna namna. Usiuvute uzi mzima kurudi ulikotoka, utapanua vitundu na kuchafua mishono ya jirani. Mimi nakata kwa mkasi mdogo upande wa nyuma, kila mishono miwili mitatu, kisha nageuza na kuchomoa vipande kwa kibanio cha nyusi. Manyoya ya kahawia yanayobaki kwenye kitambaa nayabandua kwa selotepu. Uzi uliofumuliwa siurudishi kwenye sindano, umeshachoka. Na mikono nimenawa mara mbili, kwa joto hili la Tanga jasho la vidole linaacha alama ya njano ambayo sabuni haiiwezi.

Hadi adhana ya magharibi nimefumua safu 31. Vipande vya uzi nimevitia kwenye boksi la kiberiti, limejaa, mtoto wa dada ameliomba akatengenezee ndevu za mwanasesere wake. Mahali ulipokuwa mfaa kitambaa kimelegea kidogo, nitakinyunyizia maji kabla ya kulala ili vitundu vijirudie. Safu 65 bado.