Iddi Pili, usiku Saka aliporudi

Tanga, Jumatano, 2 Aprili 2025

Leo nimeamka saa tatu asubuhi, jambo ambalo sijalifanya tangu kabla ya Ramadhani. Mwezi mzima nimekaa kwenye cherehani: kanzu za watoto, madira, magauni ya mama na binti ya kitambaa kimoja, na wale wa dakika za mwisho wanaoleta kitambaa futari imeshaliwa na wanataka kuvaa kwenye swala ya Iddi. Jana, Iddi Pili, nikasema basi. Nikaifunika cherehani, nikajitanda mtandio, nikamwambia kijana wangu atangulie akatuwekee nafasi.

Kijana wangu ni mtoto wa kaka. Mimi shangazi yake, na yuko kwangu tangu darasa la tano. Tulikokwenda ni kibanda umiza, banda la kutazamia mpira, hapa Ngamiani: mabenchi ya mbao, turubai juu, kiingilio shilingi 500. Arsenal na Fulham, saa nne kasorobo usiku. Mechi kama hiyo kwa kawaida haiwezi kunitoa nyumbani siku ya sikukuu, wageni wapo na pilau ipo. Lakini tulishasikia kwamba Bukayo Saka, winga wa timu yetu Arsenal, atakuwa benchi kwa mara ya kwanza tangu aumie.

Siku 101. Nilikuwa nazihesabu kwenye kalenda ya ukutani, ileile ninayoandikia oda za wateja.

Aliumia tarehe 21 Desemba, kwa Crystal Palace, hata nusu saa ya mchezo haijatimia. Akakaa chini. Hakuna aliyemkanyaga wala kumsukuma, na hilo ndilo lililonitia baridi. Mchezaji akichezewa vibaya unajua hasira uipeleke wapi. Huyu alikaa mwenyewe, ameshika nyuma ya paja, nasi tukabaki kuitazama skrini. Tulishinda 5-1 siku ile, na nilirudi nyumbani kama tuliofungwa. Usiku zikaja picha zake akiondoka uwanjani kwa magongo. Halafu ikaja habari ya upasuaji.

Huku kwetu tunasema "kachanika nyama za paja", tunaendelea na mazungumzo mengine. Miezi hii mitatu nimejifunza kwamba si jambo dogo. Nyuma ya paja kuna misuli mitatu inayoanzia kwenye mfupa wa makalio na kushuka mpaka chini ya goti. Mtu anapokimbia kwa kasi, mguu unarushwa mbele, na misuli ile ndiyo inayoukamata usipitilize. Ni breki. Na winga kazi yake ni hiyohiyo: kukimbia kwa nguvu zote, kufunga breki, kumgeuka beki, kukimbia tena. Saka aliwahi kucheza mechi 87 za Ligi Kuu ya Uingereza mfululizo bila kukosa hata moja, mpaka Oktoba 2023, rekodi ya klabu. Wakati ule tuliisifu. Mimi pia niliisifu. Sasa nikiikumbuka naona mguu wa kijana wa miaka 22 ambao hakuna aliyeupumzisha, na sisi tukipiga makofi.

Kuna kitu ninachokijua kwa kazi yangu. Suruali iliyochanika, nikaishona vizuri, hairudi kuchanika kwenye mshono. Inachanika pembeni, pale uzi mgumu unapokutana na kitambaa kilichochoka. Nyama nayo inaacha kovu, na kovu halivutiki kama nyama yenyewe. Ndiyo maana waliochanika paja huchanika tena, hasa wiki za mwanzo wanaporudi. Kila jioni kijana wangu alipokuja na habari kwamba Saka ameonekana akikimbia, ameonekana na mpira, nilikuwa naogopa pembeni ya mshono.

Kibandani hofu zilikuwa mbili, na zilikuja pamoja kila mara. Ya kwanza ni mguu. Ya pili ni mkataba. Alisaini Mei 2023, mkataba wa mpaka 2027. Ukikaa na mashabiki ukapiga hesabu, 2027 ni kesho. Dereva mmoja wa bodaboda anayekaa benchi la nyuma yetu alisema Januari neno ambalo halijanitoka: "Akipona vibaya hatutamwona tena, na akipona vizuri Madrid watamwona." Watu wakanyamaza. Na Jumanne ijayo, tarehe 8, ni hao hao Real Madrid wanakuja Emirates, uwanjani kwetu.

Nilikuwa nimekaa pale najiuliza: hivi mimi namwombea huyu mtoto apone kwa ajili yake, au kwa ajili yangu?

Maana tumeshapita njia hii. Robin van Persie, mshambuliaji, alikuja Arsenal 2004 akiwa kijana, na miaka yake mingi kwetu aliimaliza kwenye meza za matabibu. Novemba 2009 alikuwa anafunga anavyotaka, akaenda kuichezea Uholanzi mechi ya kirafiki na Italia, akaumia kifundo, msimu ukawa kama umekwisha. Tulimngoja. Kila mwaka tulimngoja. Msimu wa 2011/12 mwili ukamkubali tangu mwanzo hadi mwisho, akafunga mabao 30 ya ligi. Julai akatangaza hasaini tena. Agosti akaenda Manchester United, akasema amemsikiliza mtoto mdogo aliye ndani yake.

Wakati ule nilikuwa najifunza ufundi. Jina lake nililishona mwenyewe mgongoni mwa jezi, herufi za kitambaa cheupe, moja moja, kwa cherehani ya bibi aliyenifundisha. Siku habari ilipotoka nilichukua wembe nikaanza kufumua. Nilifumua jioni nzima, nikiwa na hasira mpaka nikajikata kidole. Nilipomaliza nikaitandaza jezi kitandani, na jina lilikuwa bado linasomeka. Kitambaa kilichokuwa chini ya herufi kilibaki na wekundu wake, cha pembeni kilishapauka kwa jua. Sikuivaa tena, na sikuitupa. Toka siku ile sijashona jina la mchezaji kwenye jezi yangu wala ya mtu wa nyumbani kwangu. Za wateja nashona, hiyo ni riziki.

Na wakati tunamlilia van Persie, alikuwepo mwingine. Jack Wilshere. Huyu alikuja klabuni na miaka 9. Februari 2011, usiku tulipoifunga Barcelona 2-1, alikuwa na miaka 19, na alikaa katikati ya Xavi na Iniesta kama mtu aliye uani kwao. Wote tuliokuwa mbele ya runinga tulijua tumepata kiungo wa kututosha miaka 10. Julai mwaka uleule, mechi ya maandalizi tu ya msimu, kifundo kikaleta shida. Tuliambiwa kidogo, tukaambiwa wiki kadhaa, tukaambiwa upasuaji. Viungo wenzake wakaondoka, Fàbregas kisha Nasri, tukapigwa 8-2 na Manchester United kwao Old Trafford, yeye yuko nje kwa jeraha. Hakucheza mpaka tarehe 27 Oktoba 2012. Aliporudi alikuwa amevaa namba 10, ile aliyoiacha van Persie, na Desemba akasaini mkataba mrefu. Alibaki. Lakini mguu haukurudi kama ulivyokuwa. Aliumia, akarudi, akaumia. Akaondoka 2018, na 2022 akastaafu ana miaka 30.

Kwa hiyo mmoja alipona akaondoka, mwingine akabaki asipone. Ninapofika hapo huwa sijui nisikitikie lipi zaidi. Hapana, najua. Wilshere ananiuma zaidi, ila wembe niliushika kwa ajili ya van Persie.

Kijana wangu naye alikuwa winga. Anatumia mguu wa kushoto akicheza kulia, kama Saka, na alipewa namba 7 kwenye timu ya mtaa. Mwaka 2023, kwenye uwanja wa mchanga na mashimo, aliukanyaga ukingo wa shimo akiwa katika mbio na goti likageuka. Nilikuwa nakata kitambaa cha mteja alipoletwa amebebwa na wenzake wawili. Wiki ya kwanza walikuja wote, walileta soda na mkate, nyumba ilijaa. Wiki ya pili walikuja watatu. Wiki ya tatu akaja nahodha na mwenzake, wakaniamkia vizuri, "Shikamoo shangazi," nikaitikia, nikawakaribisha ndani. Wakasimama mlangoni. Wakasema Jumamosi kuna mechi na jezi hazitoshi.

Yeye alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu juu ya mto. Hakunitazama. "Shangazi, iko kwenye kamba."

Nikatoka nje nikaianua. Ilikuwa bado mbichi. Nikaikunja, nikawapa, wakashukuru wakaondoka. Sikuwalaumu, timu ni ya watoto wa mtaani na jezi ni za kuchangishana. Lakini niliporudi ndani alikuwa amegeukia ukuta, na siku ile hakula. Miezi minane baadaye, goti limeshapata nguvu, timu ya mtaa wa pili ilimwomba akawachezee, akaenda. Walewale wenzake walimwita msaliti njiani, kwa sauti, mchana kweupe. Nilikuwa kizingitini. Nilijizuia nisiwaulize ni nani aliyetangulia kuondoka.

Ndipo nikaanza kumfikiria Saka kwa namna nyingine. Tunataka uaminifu kwa kijana wa miaka 23 kana kwamba sisi wetu tulishautoa. Ingawa nikisema kweli, kwake yeye mashabiki waliwahi kuutoa. Julai 2021, fainali ya Ulaya, alikuwa na miaka 19, akakosa penalti ya mwisho ya Uingereza mbele ya Italia, na watu wakamtukana kwa rangi yake. Aliporudi klabuni alikuta ukuta mzima umejaa barua na kadi za watu waliomwandikia. Nakumbuka picha yake amesimama mbele ya ule ukuta, anasoma, mkono umegusa karatasi. Nadhani mtu aliyesimama pale hasahau. Lakini pia sitaki kuzifanya barua zile kuwa deni. Barua ya pole haidaiwi.

Basi jana. Dakika ya 16 Gabriel, beki wetu, akashika nyuma ya paja. Mahali palepale. Kibanda kizima kikasema "Aa!" kwa pamoja, kisha kimya. Usiku tunaomngoja mmoja arudi, mwingine anatoka kwa jeraha lilelile, baada ya washambuliaji wetu, Jesus goti mwezi Januari na Havertz paja mwezi Februari. Nilisikia mtu nyuma yangu akisoma dua. Merino akafunga, tukashangilia nusunusu.

Dakika ya 66 Saka akasimama kwenye mstari. Kijana wangu alinishika mkono, na yeye sasa ana miaka 17, hanishiki mkono tena mbele za watu. Mpira wa kwanza aliougusa Saka nilimtazama mguu, sikuutazama mpira. Wa pili hivyohivyo. Akakimbia mara moja, nikabana pumzi, akafunga breki, akageuka, akasimama wima.

Dakika ya 73 mpira ukatoka kushoto, Martinelli akaugusa kidogo, na Saka alikuwa nguzo ya mbali peke yake. Kwa kichwa. Mguu hata haukuhitajika. Benchi letu lilianguka kwa kelele, mzee mmoja akapoteza kofia yake ya vito, ikapatikana baadaye chini ya turubai.

Ila nilichokiona mimi ni alikokimbilia. Hakwenda kwa mashabiki. Alikwenda moja kwa moja kando ya uwanja, kwenye benchi, akamkumbatia mmoja wa watu waliomrudisha kwenye mazoezi, wale wanaohesabu hatua na kukanda paja asubuhi yenye baridi wakati sisi tunauliza 2027. Alimshika kwa nguvu. Nikaufikiria ule mkeka, na mlango ambao baada ya wiki ya tatu hakuna aliyeubisha.

Fulham walipata bao dakika za nyongeza, 2-1, haikutusumbua. Tulirudi kwa miguu, barabara bado zina watu wa sikukuu, watoto na baluni. Hatukuzungumza juu ya mkataba. Tulipofika nyumbani akaenda chumbani kwake, akatoka na jezi nyekundu niliyomnunulia mnadani mwaka jana, mgongo mtupu. Akaiweka juu ya cherehani, kwenye kile kifuniko.

"Shangazi, niwekee jina."

Sikumjibu jana. Nilikwenda kulala.

Leo baada ya chai nimeifunua cherehani. Nimepata kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye kanzu za Iddi, nimechora kwa chaki, nimekata. S na A zimeshakaa, zimenyooka. Yeye amekaa kwenye kizingiti, amenyoosha lile goti kama anavyofanya asubuhi likiwa limekaza, na ananiuliza kama namba 7 nayo itawahi kabla ya Jumanne.